Urafiki Hautoshi: Neno kwa Mnaochora Hadithi kwa Pamoja



Kila muhula hunijia kikundi cha vijana watatu au wanne wakiwa na simu moja mkononi. Mmoja ametunga hadithi, wa pili amechora, wa tatu ametia rangi kwa kompyuta ya kuazima, na wa nne, ambaye aghalabu ndiye mwenye maneno mengi kuwashinda wote, amefungua ukurasa mtandaoni ambako kila Ijumaa hupakia kurasa mbili mpya za katuni. Huja kuniomba niwasahihishie Kiswahili kilichomo ndani ya viputo vya maneno. Nawasahihishia kwa furaha, kwa kuwa hakuna insha ya darasani iliyowahi kunionyesha juhudi kama hiyo. Kisha huwauliza swali moja tu: hadithi hii ni mali ya nani? Hutazamana, hucheka kidogo, na mmoja wao hujibu, "Ni yetu sote, Mwalimu."

Jibu hilo ni sahihi kisarufi. Mbele ya hakimu halifiki mbali, na kimaadili ni uvivu uliovikwa joho la upendo. Naandika leo kulipinga.

Nianze na lugha, maana ndiyo kazi iliyoniajiri. Kiswahili kina neno ushirikiano, ambalo ni tendo la watu kusaidiana na kuchangia jambo. (Tahadhari: asiandike mtu ushirikina. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika katika mtihani kwamba nchi za Afrika Mashariki zinaendeshwa kwa ushirikina, nami nilicheka mpaka machozi yakanitoka, ingawa sikuwa na hakika kwamba alikosea.) Lakini Kiswahili kina neno jingine, lenye harufu ya biashara, nalo ni ubia. Wabia ni watu waliotia mali au kazi yao katika jambo moja, na kila mmoja anajua fungu lake. Watu wawili wakinunua jahazi kwa ubia, wanajua kabla ya tanga kupandishwa kwamba likifika salama faida itagawanywa vipi, na likizama nani atabeba hasara ipi. Vijana wanaokuja kwangu wana ushirikiano tele. Ubia hawana.

Utaniambia kwamba hilo ni jambo dogo, kwamba katuni ni mchezo, na kwamba hakuna anayepata hata shilingi kwa hadithi inayosomwa bure kwenye simu. Basi keti nikusimulie habari ya Bill Finger.

Mwaka 1939, katika jiji la New York, kijana mchoraji aitwaye Bob Kane alitakiwa na wachapishaji wake abuni shujaa mpya wa kushindana na Superman, aliyekuwa ametoka mwaka mmoja kabla. Kane alichora mtu mwenye nguo nyekundu, kinyago kidogo machoni, na mabawa magumu mgongoni. Alimwita rafiki yake Finger, mtunzi wa hadithi, amtazamie. Finger aliutazama mchoro ule, akapendekeza kofia yenye masikio inayofunika uso, joho badala ya mabawa, glavu mikononi, na rangi ya giza badala ya nyekundu. Akampa mtu huyo jina la kiraia, Bruce Wayne. Baadaye mji anamoishi nao ukapata jina kutoka kwake, Gotham. Akaandika hadithi ya kwanza na nyingine nyingi zilizofuata. Huyo ndiye Batman, ambaye hata watoto wa Kampala na Bukavu wasiosoma Kiingereza wanamtambua kwa kivuli chake.

Kane alikwenda kwa wachapishaji peke yake. Alitia saini mkataba peke yake. Mkataba ule ulimhakikishia kwamba jina lake, na lake tu, litaandikwa kama mbunifu. Finger alilipwa kama kibarua wa maneno, ukurasa baada ya ukurasa, na akafa mwaka 1974 akiwa fukara, bila jina lake kuwahi kuwekwa mahali hapo. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1989, Kane alikiri kwamba rafiki yake alistahili kutajwa. Wakati huo Finger alikuwa kaburini miaka 15. Ni mwaka 2015 tu ndipo kampuni ilipokubali kuliandika jina la Finger kando ya lile la Kane. Hesabu mwenyewe: miaka 76.

Nakuomba utazame jambo moja ambalo watu wengi hulipita haraka wanaposimulia kisa hiki. Aliyemnyima Finger jina hakuwa tajiri mgeni aliyetoka mbali. Alikuwa rafiki yake, aliyekaa naye meza moja. Wala sina hakika kwamba Kane alikaa chini siku ile akapanga kumwibia mwenzake. Yamkini alifikiri tu kwamba yeye ndiye aliyeitwa, yeye ndiye aliyeanza, na yule mwingine alimsaidia. Kila mmoja wetu akiwa peke yake kitandani usiku hujiona kuwa ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi. Ndiyo maana hati huandikwa mchana, watu wote wakiwapo.

Hata wale wawili waliombuni Superman, Jerry Siegel na Joe Shuster, marafiki wa kweli tangu shule huko Cleveland, hawakudhulumiana wao kwa wao, walisimama pamoja. Lakini mwaka 1938 waliuza haki zote kwa dola 130, wakagawana. Wao walikosa jambo jingine, nalo ni kusoma walichokitia saini wakijua thamani yake.

Sasa tusogee karibu na nyumbani. Miaka michache iliyopita vijana watatu niliowafundisha walianza hadithi ya katuni juu ya msichana mwendesha bodaboda anayesafirisha barua zisizotakiwa kufika. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, chenye chumvi ya mitaani bila kuharibu sarufi, na wasomaji walitokea Goma, Mwanza, hata Maskati. Ilipofika sura ya 11, shirika moja, ambalo sitalitaja, likawataka wamtumie msichana huyo katika kampeni ya afya. Fedha haikuwa kubwa, lakini kwao ilikuwa ya kwanza. Mwandishi akasema msichana ni wake, kwa kuwa alimtunga kabla hajakutana na wenzake. Mchoraji akasema msichana ni wake, kwa kuwa kabla ya kalamu yake hakuwa na uso. Wa tatu, aliyefungua ukurasa, hakusema neno, alibadilisha nywila. Shirika likaona ugomvi, likaenda kwa mtu mwingine. Wale watatu hawasalimiani mpaka leo, na nimeshindwa kuwapatanisha, mimi niliyewafundisha wote methali isemayo kwamba mali bila daftari hupotea bila habari.

Swali walilogombania lina majibu katika sheria, na hakuna aliyewafundisha. Sheria ya Uganda ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006 hailindi wazo. Msichana aliyekuwa kichwani mwa mwandishi hakuwa mali ya mtu; alipoandikwa na kuchorwa ndipo akawa mali. Kazi iliyoandikwa au kuchorwa hulindwa mara tu inapokuwapo, bila kusubiri kusajiliwa, maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ikiwa watunzi ni wengi na kazi zao zimefumwa pamoja, hesabu ya miaka 50 huanza kwa kifo cha yule wa mwisho kufa. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2001, na Tanzania, kwa ile ya mwaka 1999, zinahesabu miaka hiyo hiyo 50. Kwa hiyo, kijana wa miaka 19 unayepakia sura ya kwanza wiki hii, mali unayoichezea huenda wajukuu zako wakaikuta bado hai. Na sheria hizi, kwa sehemu kubwa, huacha mlango wazi kwa wahusika kukubaliana watakavyo. Msipokubaliana, hakimu atawaamulia, akiwa hajawahi kusoma hata ukurasa mmoja wa hadithi yenu.

Najua hoja mnayonijibu nayo. Mnasema karatasi huua urafiki. Kwamba Mwafrika hutegemea neno la mdomo. Kwamba kumtaka rafiki atie saini ni kumwambia humwamini. Hoja hii naisikia hata kwa watu wazima wenye shahada, na kila ninapoisikia huona haya kwa niaba yao. Ni Mwafrika yupi huyo anayesemwa? Hapa kwetu mtu haoi kwa kunong'ona. Huenda na ujumbe wa wazee, vitu huhesabiwa mbele ya pande mbili, shangazi husimama na kusema, na kila aliyehudhuria ni shahidi. Je, tunafanya hivyo kwa sababu hatuwapendi wakwe? Waislamu miongoni mwenu wanajua kwamba Kurani imeamrisha deni la muda liandikwe na mashahidi wawepo, na amri hiyo haikutolewa kwa maadui, imetolewa kwa waumini. Mababu zetu ambao hawakuwa na karatasi walikuwa na kitu kigumu kuliko karatasi: kijiji kizima kilichosikia. Ninyi mnafanya kazi kwenye mtandao, mmoja yuko Jinja na mwingine Bujumbura, na kijiji hakipo. Anayewaambia mtegemee neno la mdomo amewanyima vyote viwili, karatasi ya wageni na mashahidi wa kwenu.

Mkataba wenyewe haukutaki uwe wakili. Ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili mnachokielewa wote. Semeni nani anamiliki maneno, nani anamiliki michoro, na wahusika wa hadithi wanamilikiwa na nani. Semeni fedha ikija itagawanywaje, na muiseme sasa ambapo fedha haipo, kwa kuwa ni rahisi kugawana kitu ambacho hakijafika. Semeni majina yataandikwa wapi na kwa mpangilio gani. Msidharau hilo, Finger alikufa bila kulipata hilo hilo. Semeni nani ana nywila, na zihifadhiwe na watu wawili. Lakini kifungu ninachokitilia mkazo kuliko vyote ni kile ambacho vijana hukiona kama nuksi: mmoja akiondoka, itakuwaje? Ataondoka. Mmoja atapata kazi Dubai, mwingine ataolewa, mwingine atachoka tu, na kuchoka si dhambi. Je, waliobaki wanaweza kuendelea na wahusika wale wale? Je, aliyeondoka ataendelea kupata fungu lake kwa sura alizozichora? Kundi lililojibu maswali hayo huagana kwa mkono. Kundi ambalo halikujibu huagana kama wale watatu wangu.

Kisha kuna majukwaa. Mkishapatana ninyi kwa ninyi, mnapakia kazi yenu kwenye nyumba ya mtu, na mtu huyo ana masharti yake, marefu kama utenzi, yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Mnabonyeza "nakubali" bila kusoma. Sikulaumu kwa kuchoka kusoma, nakulaumu kwa kubonyeza. Jukwaa linaweza kudai tu ruhusa ya kuonyesha kazi yako, na hilo ni haki, maana bila ruhusa haliwezi kuionyesha. Lingine linaweza kudai kuwa la kwanza kupewa nafasi ukitaka kuuza kitabu au filamu. Lingine linaweza kudai kazi yenyewe. Tofauti ya masharti hayo matatu ni tofauti ya mpangaji, mdaiwa na mtumwa, nayo inaweza kujificha katika neno moja. Kama Kiingereza hicho kinakushinda, leteni kifungu darasani. Tutakitafsiri pamoja, na litakuwa zoezi bora kuliko kutafsiri habari za simba na sungura.

Hasira yangu haiishii kwenu, wala kwenye majukwaa. Dola nazo zina lao. Julai 2018 serikali yetu ya Uganda ilianza kututoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia WhatsApp, Facebook na Twitter, na kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2021 ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando la intaneti. Mwaka huo huo wa 2018 jirani zetu wa Tanzania walitunga kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka hata mwandishi wa blogu apate leseni kwa ada ya shilingi milioni moja, wakati kijana mwenye kalamu hata laki moja haioni kwa mwezi. Kanuni hizo zimerekebishwa baadaye, lakini wapo walionyamaza mwaka ule na hawajarudi. Viongozi wale wale husimama kila Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani, wakatuambia kwamba lugha hii ina wasemaji zaidi ya milioni 200 na kwamba vijana waitumie kujiajiri. Waitumie wapi? Mlango wa duka la vitabu umefungwa kwao, maana wachapishaji wetu wanaishi kwa vitabu vya mitaala na katuni haimo katika mtaala. Uliobaki ni mtandao, nao umewekewa mtoza ushuru mlangoni. Swali hili muwaulize wabunge wenu. Ndiyo maana tunafundishwa uraia.

Wapo pia walimu wenzangu. Mheshimiwa mmoja katika kikao cha walimu alisema katuni huharibu lugha ya wanafunzi. Nilimuuliza amesoma ngapi. Hajasoma hata moja. Afrika Mashariki na ya Kati imejifunza kusoma siasa kwa katuni. Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, amewachora marais wa eneo hili tangu miaka ya 1990, na wapo wazee wasiosoma tahariri wanaosoma michoro yake. Huko Kinshasa, Papa Mfumu'Eto alijichapishia katuni zake mwenyewe katika miaka ya 1990, kwa Kilingala, akaziuza mitaani kwa watu ambao vitabu vya Kifaransa havikuwahi kuwaangalia. Hakuomba ruhusa ya lugha ya wakubwa. Lugha huharibika kwa kutotumika. Sijawahi kuona iliyoharibika kwa kuchorwa.

Mtu asidhani, kwa yote niliyosema, kwamba nawafundisha uchoyo. Mfaransa David Revoy alianza mwaka 2014 kuchora hadithi ya mchawi mdogo na paka wake, iitwayo Pepper&Carrot, kwa programu ya kuchorea ya bure iitwayo Krita. Ameiweka mtandaoni chini ya leseni inayomruhusu mtu yeyote kuisoma, kuitafsiri, hata kuiuza, mradi watunzi watajwe. Watu wa kujitolea wameitafsiri kwa lugha nyingi, wasomaji humchangia fedha kwa hiari, na mwaka 2016 mchapishaji mkubwa wa Ufaransa, Glénat, akaichapa kama kitabu. Huyo amegawa karibu kila kitu. Lakini ameandika alichogawa, kwa nani, na kwa sharti gani. Ukarimu wake una hati. Ukarimu wa wanafunzi wangu watatu haukuwa nayo, ukageuka kesi isiyo na mahakama.

Na msiniambie kwamba kazi ya vijana wa huku haiwezi kufika mbali kiasi cha kuhitaji haya. Mganda Hamid Ibrahim na Wanigeria wawili, Tolu Olowofoyeku na Ziki Nelson, walianzisha Kugali, wakakusanya katuni za Waafrika na kuzichapa kwa michango ya wasomaji waliopatikana mtandaoni. Mwaka 2019 mmoja wao aliiambia BBC, kwa maneno ya kijana asiyeogopa, kwamba wangeishinda Disney. Disney ikawatafuta. Februari 2024 mfululizo wao wa Iwájú, juu ya Lagos ya siku zijazo, ukatoka. Kampuni ya namna hiyo haileti fedha kabla mawakili wake hawajauliza swali lile lile ninalowauliza ninyi ofisini kwangu: hii ni mali ya nani? Na "yetu sote, Mwalimu" si jibu wanalolipokea.

Basi kazi ya juma hili. Mlio katika vikundi, leteni makubaliano yenu, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chenu wenyewe. Msinakili kielelezo cha Kiingereza na kukipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, nitajua. Tumieni maneno haya mahali panapostahili: mbia, fungu, hakimiliki, mrabaha, ridhaa, kujitoa. Msio na vikundi, chagueni sura moja ya Pepper&Carrot na muitafsiri, kwa kuwa leseni inawaruhusu, na mwandike chini yake majina ya wote walioifanya kazi kabla yenu. Sarufi nitasahihisha kwa wino mwekundu kama kawaida. Kifungu cha mtu kuondoka nitakisoma kwanza.